Hilali Iliyoonwa na Kamera

Mwezi huu tunataka kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kamera. Hatukusudii kamera ya harusini wala ya picha za pasi. Twakusudia ile ambayo kijana huinunua kwa akiba yake mwenyewe, akatoka nayo usiku hali wenziwe wamelala, akaenda nayo mwituni na safarini, wala halipwi na mtu. Tumelazimika kuisema khabari hii kwa sababu tulimdhulumu kijana mmoja kwa ajili yake, na tulimdhulumu mbele ya watu. Na mwenye kudhulumu mbele ya watu haimtoshi kwenda kuomba radhi faraghani.

Ilikuwa jioni ya mwezi 29 Shaabani, hapa kwetu Unguja. Mji wetu, kama wanavyojua waliofika, umeelekea magharibi, na jua hutua baharini. Kwa hiyo mtu atakaye kuiangalia hilali huteremka pwani tu. Tuliteremka wengi, wazee kwa watoto. Upeoni palikuwa na utando mwembamba, si mawingu khasa wala si weupe. Jua lilipozama tulikodoa macho mpaka yakatutoka machozi, na hapana aliyeona kitu.

Pembeni yetu alikuwapo kijana wa miaka ishirini na kidogo, zamani mwanafunzi wetu wa chuoni, ameisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, ameielekeza upande mmoja wala haiondoi. Mtu mmoja alipita nyuma yake, akachungulia kile kioo kidogo kilicho mgongoni mwa kamera, akapiga ukelele: "Huo! Huo mwezi!" Wakakimbilia watu. Wakaona katika kioo uzi mwembamba mweupe, mfano wa ukucha uliokatwa, umelala chali kama ilivyo ada ya hilali katika nchi zetu hizi za karibu na Ikweta. Wengine wakaleta takbiri. Wengine wakatazama juu, wasione kitu, wakasema picha za siku hizi hutengenezwa, na kwamba kijana anawachezea watu. Maneno yakawa makali, akina fulani wakashikana mashati.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Hatukumwuliza kijana neno. Tulimwambia kwa sauti ya kusikiwa na pwani nzima kwamba asiifanye ibada ya Waislamu mchezo, na kwamba mwenye kuzua mwezi ni kama mwenye kuzua hadithi. Kijana alisema kitu, lakini hatukukisikia kwa kuwa tulikuwa tukisema sisi. Akaikunja miguu mitatu yake akaenda zake. Usiku ule ilitangazwa kwamba mwezi haukuthubutu, tukatimiza thalathini, na sisi tukalala hali tumeridhika na nafsi zetu.

Siku ya tatu ya Ramadhani, baada ya Alasiri, baba yake alikuja nyumbani kwetu na kitu amekitia katika foronya ya mto. Alikuwa ameileta ile kamera. Akataka tumwekee mpaka apate mnunuzi.

"Maalim," alisema, "kitu hiki kimeniharibia mtoto. Kutwa hasemi, na tarawehe haji tena msikitini kwetu. Husali mbali, asikojulikana."

Tulimwuliza hasa ni nini alichokisema mwanawe jioni ile tulipokuwa tukimkemea. Yule baba alishangaa, kwani alidhani tulisikia. Akasema: "Alisema, kamera imeuona, mimi sikuuona."

Ndugu zetu, tumesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thalathini. Hatukuhitimu vyuo vikubwa. Tulisoma Kurani na skuli ya msingi, na mengineyo tuliyaokota kwa masheikh. Lakini hata mwenye elimu ndogo kama yetu anajua jinsi wanavyuoni wa Hadithi walivyoshika ulimi katika jambo hili. Mpokezi akisikia kwa masikio yake husema "nimesikia", na akifikishiwa na mwingine humtaja huyo mwingine, na akitumia neno la kati na kati ili watu wadhani amesikia hali hakusikia, huandikwa aibu yake vitabuni hata mwisho wa dunia. Basi mtoto wetu huyu, katikati ya kelele, alitenga lile aliloliona yeye na lile lililoonwa na chombo chake. Na sisi tunaoisomesha ile aya ya sita ya Sura ya Al-Hujurat, inayotuamrisha tuichunguze khabari kabla hatujawasibu watu na ujinga wetu, ndio tuliokuwa tumepiga makelele.

Foronya tuliichukua wenyewe tukaenda nayo kwao usiku ule ule. Tulimwomba radhi mbele ya wazee wake. Hakusema mengi, aliinama tu, akasema, "Yamekwisha, Maalim." Tulijua kuwa hayajaisha. Tukamwambia atufundishe kazi yake, na hili ndilo lililomfanya ainue kichwa.

Baada ya siku chache alitupeleka pwani kiasi cha saa tano za usiku. Tulikuwa tumevaa kanzu nyeupe. Aliiweka kamera yake akasema mlango wa mwanga ataufungua kwa sekunde thalathini, na akatuomba tusipite mbele. Sisi tuliisahau amri hiyo mara moja, tukapita kwenda kutazama ngarawa za wavuvi wa dagaa na taa zao. Alipotuonyesha picha, nyota zilikuwa tele, nyingi kupita tulizokuwa tukiziona kwa macho, na mkono wa ile njia nyeupe ya mbinguni ulionekana wazi. Na chini yake palikuwa na kanzu yetu bila ya mwenyewe! Ukungu mweupe wenye umbo la mtu, na taa za ngarawa zikipenya katikati yake. Tulicheka mpaka tukakohoa, lakini baadaye tulifikiri. Lau picha ile ingepita mkononi mwa mtu asiyejua ilivyopigwa, angeapa kuwa pwani ya kwetu ina jini, na angekuwa na ushahidi.

Alitueleza kisa chake. Jicho huona na kusahau hapo hapo, halikusanyi. Kamera ikifunguliwa sekunde thalathini hukusanya mwanga wa sekunde zote thalathini, ikauweka mahali pamoja. Kwa hiyo nyota dhaifu ambayo jicho limeshindwa nayo, yenyewe huidiriki. Na mtu anayetembea, kwa kuwa hakukaa mahali pamoja, humfanya moshi. Akiifungua zaidi, nyota nazo huacha michirizi, kwani ardhi inazunguka, na mbingu yote huonekana kwenda nyuzi 15 kila saa moja. Alitaka kupiga ile picha mashuhuri ambayo nyota huzunguka ncha ya mbingu kama pete ndani ya pete. Lakini Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, na ncha ya kusini ya mbingu kwetu iko nyuzi hizo hizo 6 juu ya upeo. Basi pete zake zote zimezama nusu, ukiacha zile ndogo kabisa za kati. Amejaribu mara nyingi na hajakata tamaa. Tulimwambia aridhike na nusu aliyopewa.

Kisha akatutolea daftari, daftari la kawaida la skuli lenye mistari. Kila picha aliyoipiga usiku, mwituni au safarini ameiandikia ukurasa: mahali, saa, tundu lilifunguliwa kadiri gani na kwa muda gani, nini alikiona kwa jicho lake, nini kamera ilikiona peke yake, na nini alikifanya katika picha ile baadaye, kama kuiongezea mwanga au kupanga picha kumi juu ya moja. Kamera yenyewe pia huandika saa na baadhi ya mambo haya ndani ya picha, lakini alisema hayo hayamtoshi, kwa sababu kamera haijui yeye aliona nini. Katika ukurasa wa 29 Shaabani alikuwa ameandika kwamba mahali pa mwezi alipajua kwa hesabu kabla ya jua kutua, kwamba alipiga picha arubaini, kwamba katika tatu uzi ule umeonekana, na upo pale pale ilipopasa, na mwisho: "Jicho: sikuona."

Wenye chuo chetu wataijua sababu ya sisi kulishika daftari lile muda mrefu. Ile ni isnadi. Picha bila ya daftari ile ni hadithi isiyo na mpokezi.

Tulimwuliza mapenzi haya ameyatoa wapi, akatujibu, "Kwako, Maalim." Tulidhani anatutania. Akatukumbusha siku ya Alkhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa. Kusini ya Tanzania bara lilibaki pete ya moto, na huku kwetu lilibaki kipande chembamba. Tuliwakusanya watoto uani chini ya mwembe, tukasali, na baada ya sala mtoto mmoja akapiga kelele kwamba mchanga umejaa hilali. Kweli, kila tundu baina ya majani lilikuwa limetupa chini sura ya jua lile lililokatwa, mamia ya vijihilali vikicheza kwa upepo. Sisi tulikuwa tumesahau. Yeye alikuwa na miaka kumi na moja, na anakumbuka kwamba alivikinga kwa kiganja, na kwamba tulimwambia iko risala ya Ibn al-Haytham juu ya jambo hilo.

Ipo kweli. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kama mwaka 965 na akafia Misri kama mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir juu ya kuona na mwanga, na akaandika risala mbali juu ya sura ya jua linapopatwa: kwa nini mwanga wake ukipita katika tundu jembamba hutupa umbo la hilali, na kwa nini tundu likipanuka umbo hilo hupotea. Hiyo ndiyo asili ya kamera zote, chumba cha kiza na tundu. Lakini tuseme kweli yote: tulipata kuwafundisha watoto kwamba neno lenyewe "kamera" limetokana na Kiarabu. Sivyo. Ni neno la Kilatini, maana yake chumba. Fakhari yetu inatutosha bila ya kuiongezea.

Na katika safari, vijana watafute khabari za Muhammad Sadiq Bey wa Misri. Huyu alikuwa askari mhandisi aliyesoma Paris, na mwaka 1861 alitumwa Hijazi kupima njia ya kwenda Madina. Kupiga picha hakukuwa ndiyo kazi aliyotumwa; alichukua kamera kwa hamu yake mwenyewe, na picha zake za Madina za mwaka ule ndizo za mwanzo zijulikanazo. Mwaka 1880 alirudi pamoja na msafara wa mahmal akapiga za Makka. Zama zile kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali maji maji, kikasafishwa kabla hakijakauka. Fikirini kufanya hayo katika joto la Hijazi na vumbi la ngamia. Pamoja na picha alitoa vitabu, akaeleza njia na vituo na vipimo. Naye alikuwa na daftari.

Wako watakaotuuliza juu ya hukumu ya taswira. Wanavyuoni wamekhitalifiana, na hapa si mahali pa kuimaliza. Tutasema tu kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, alitunga risala ya kuihalalisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba mpigaji haumbi kitu, bali anakizuia kivuli kilichoumbwa na Mwenyezi Mungu. Asiyeikubali hoja hiyo ana wenziwe, nasi hatugombani naye. Ama kuchungulia nyua za watu, au kumpiga picha mvuvi aliyelala, au mwanamke asiyetoa idhini, hilo halihitaji risala.

Turudi kwenye mwezi. Yuko Mfaransa mmoja, Thierry Legault, mhandisi kwa kazi yake na mpiga picha za mbingu kwa mapenzi yake. Mtu huyu alisafiri mpaka Oman, na tarehe 4 Januari 2011, karibu na Maskati, akaipiga picha ya jua lililokuwa limepatwa upande mmoja, na kile kituo cha anga wanachokaa wanadamu kikipita mbele yake. Kupita kwenyewe hakukutimia hata sekunde moja! Lakini lililotugusa sisi ni jambo lake la tarehe 8 Julai 2013. Siku ile, Jumatatu, mwezi ulikutana na jua saa 1 na dakika 14 za asubuhi kwa saa ya kimataifa, yaani saa 4 na dakika 14 za asubuhi kwa saa yetu, nao ndio mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1434. Katika dakika ile ile, mchana kweupe, naye yuko Ufaransa, akaipiga picha hilali. Mwezi ulikuwa nyuzi 4 na nusu kasoro kidogo kutoka kwenye jua. Alitumia mwanga uliopita wekundu ambao macho yetu hayauoni, akaweka ubao wenye tundu mbele ya darubini yake ili jua lisiingie, na hata hivyo mbingu ilikuwa na mwanga mara 400 hivi kuliko hilali yenyewe. (Mtoto asijaribu kuelekeza darubini wala kamera jirani na jua, jicho huunguka mara moja.) Uzi ule ukatoka.

Sasa tazameni. Picha imepatikana Jumatatu asubuhi, na si ya uwongo. Lakini Saudi Arabia walianza kufunga Jumatano, tarehe 10 Julai, kwa kuwa hapana jicho lililouona Jumatatu jioni. Wataalamu wa falaki wanasema mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua hauonekani kwa jicho kabisa. Kama tungeifuata kamera, kila mwezi ungezaliwa na kuonekana katika dakika moja, na wala pasingekuwa na haja ya kuteremka pwani. Mtume (s.a.w.) ameifungamanisha saumu na kuona, na katika madhehebu tuliyokulia kuona ni kwa jicho la mtu muadilifu. Darubini na picha zina mahali pake: zinamwonyesha mtu pa kutazama, na zinaweza kumzuia anayedai kauona mwezi upande ambao haupo. Kwa upande wetu hatuoni kuwa zaidi ya hapo zina haki. Kuuthubutisha kuna wenyewe, na wako wanavyuoni wenye rai nyingine.

Kwa hiyo jioni ile mwezi ulikuwapo, na pia haukuthubutu, na mtu pekee pwani aliyeyajua yote mawili na akayasema kwa maneno manne ndiye tuliyemfukuza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tulisimama tukayasema haya msikitini, kwa sauti ile ile ya pwani. Kijana hakuwapo. Baba yake alikuwapo, akalia. Usiku wa mwezi 21 tulimwona kijana safu ya nyuma, karibu na mlango, akatoka kabla ya witri. Usiku wa mwezi 27 alikaa mpaka mwisho. Kamera haikuuzwa.

Baada ya Idi alisafiri kwenda Pemba, akavuka hadi kisiwa cha Misali, ambacho wazee husema Nabii Khidhri alikifanya msala wake. Huko kasa hupanda mchangani usiku kutaga mayai, na alikuwa ametamani picha hiyo kwa miaka miwili. Walinzi walimruhusu akae nao, wakamwonya asiwashe taa, kwa kuwa kasa akishtuliwa na mwanga hurudi baharini bila ya kutaga, na watoto wa kasa hupotea njia wakafuata taa badala ya maji. Usiku ule haukuwa na mwezi. Kasa alipanda, akachimba karibu naye kiasi cha hatua kumi. Alitwambia kamera yake ina taa ndani yake, kidole kilikuwa juu yake, na hapana mlinzi aliyekuwa akimtazama.

Alituletea picha mbili. Moja ni ya alfajiri, njia ya kasa katika mchanga, kama imepitishwa roda. Nyingine ni ya usiku wenyewe, nayo ni nyeusi tupu, na ameibandika vile vile katika daftari. Chini yake ameandika mahali na saa, na mistari miwili: "Jicho: kasa mmoja, nimemwona. Kamera: haikuona kitu."